Maumivu ya Mgongo Yapimwapo kwa Nyuzi

Kuna swali lililowatatiza waganga tangu jadi na ambalo hata leo halijapata jawabu la kuridhisha: maumivu hupimwaje? Homa ina kipimajoto chake, shinikizo la damu lina mashine, nayo sukari huonekana katika tone la damu. Lakini mtu akisema mgongo unamuuma, shahidi wake mkuu ni ulimi wake mwenyewe. Wahenga walilitambua jambo hili waliponena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sasa fikiria, mpenzi msomaji, serikali iliyoamua kuyafidia maumivu hayo kwa fedha taslimu, mwezi baada ya mwezi, kwa watu zaidi ya milioni 5, na kwa hivyo ikalazimika kuyatafutia kipimo. Serikali hiyo ni ya Marekani, watu wenyewe ni wanajeshi wake wa zamani, na kipimo chenyewe ndicho ninachokusudia kukijadili leo.

Huenda ukauliza, yatuhusu nini sisi? Wapo vijana wa Kenya waliohamia Marekani, wakaingia jeshini kabla hata ya kupata uraia, wakabeba mizigo ya vita vya watu wengine. Sheria ya huko haimnyimi fidia askari wa zamani ati kwa kuwa anaishi nje ya nchi. Anayerudi kujenga Nakuru au Kisii hulipwa kama aliyebaki Texas. Hata hivyo, hiyo siyo sababu yangu kubwa. Sababu yangu kubwa ni kwamba hapa tunaona kwa uwazi jinsi dola inavyougeuza mwili wa binadamu kuwa hesabu, na mahali ambapo hesabu hiyo huacha kusema kweli.

Jedwali la kukadiria ulemavu la Marekani lina ukoo mrefu. Chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1917, nchi hiyo ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Jedwali la kwanza lilitoka mwaka 1921. La mwaka 1925 lilizingatia kazi aliyoifanya mtu kabla ya vita, hivi kwamba seremala aliyeharibika goti hakuhesabiwa sawa na karani aliyeharibika goti lile lile. Ilipofika mwaka 1933 wazo hilo likaachwa, na mwaka 1945 likaandikwa jedwali ambalo, licha ya viraka vingi lilivyotiwa, ndilo msingi wa linalotumika hadi sasa. Sheria inataka viwango vifuate wastani wa upungufu wa uwezo wa mtu kujipatia riziki. Neno wastani lina uzito hapa. Halimuulizi askari yeye ni nani wala anafanya kazi gani; humuuliza mtu wa kubuni, asiyekuwepo popote, angepoteza kiasi gani.

Viwango hupanda kwa kumi kumi, kutoka asilimia 0 hadi 100. Katika mwaka wa 2025, mtu asiye na wategemezi aliyekadiriwa asilimia 10 alilipwa dola 175.51 kwa mwezi. Wa asilimia 20, dola 346.95, wa asilimia 40, dola 774.16, na wa asilimia 100, dola 3,831.30. Fedha hizi hazikatwi kodi. Miongoni mwa madai yaliyo mengi zaidi, baada ya mvumo wa masikio, ni goti lisilokunjika vizuri na mgongo uliotenguka chini ya kiuno. Wala si ajabu. Askari wa miguu huvaa fulana ya chuma, hubeba maji, risasi, redio na chakula, mzigo ambao hufika kilo 30, 40 na hata kupita. Huruka kutoka kwenye lori na kwenye ndege. Afanyaye hivyo kwa miaka kumi haondoki na magoti aliyoingia nayo.

Mgongo basi hupimwaje? Mwanafunzi aliyewahi kushika protrakta ataelewa mara moja. Mkaguzi wa kitabibu huchukua chombo kiitwacho gonyometa, ndugu yake protrakta, akamwambia mlalamishi ainame mbele. Mtu mzima wa afya huinama hadi nyuzi 90. Tangu kanuni za Septemba 2003, mwenye kuinama zaidi ya nyuzi 60 lakini asipite 85 hupewa asilimia 10. Anayepita 30 bila kupita 60 hupewa 20. Asiyepita 30 hupewa 40. Asilimia 50 ni ya mgongo wa chini uliokakamaa kabisa katika hali mbaya, nayo 100 ni ya uti mzima uliokakamaa hivyo, kutoka shingoni hadi kiunoni.

Hebu tulitazame pengo lililo kati ya 20 na 40. Kwa mgongo wa chini hakuna asilimia 30 inayotokana na kuinama. Kanuni inasema vipimo vikadiriwe hadi nyuzi tano zilizo karibu, kwa hivyo mpaka halisi ni kati ya mtu aliyeandikiwa 35 na aliyeandikiwa 30. Nyuzi tano hizo ni upana wa vidole vichache, na zaweza kupatikana au kupotea kwa kuamka vibaya, kwa baridi ya chumba, au kwa mkaguzi aliyeiweka gonyometa mahali tofauti kidogo. Kwa malipo ya mwaka 2025, tofauti yake ni dola 427.21 kila mwezi, kwa maisha yote ya mtu. Sidhani kama yuko mwalimu wa hisabati ambaye angekubali mtihani wa namna hiyo, ambapo alama moja ndogo humtoa mtahiniwa katika daraja la tatu na kumtupa katika la kwanza bila daraja la pili kuwepo.

Goti nalo lina nyuzi zake. La afya hukunjika hadi 140. Ili kupata asilimia 10 kwa kukunja, lazima lisipite nyuzi 45. Asilimia 20, lisipite 30. Asilimia 30, lisipite 15. Yaani mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya mkunjo wa goti lake, likakomea nyuzi 60, na jedwali likamwandikia sufuri. Kunyoosha kuna ngazi zake, na kulegea kwa goti kwa sababu ya kano zilizochanika kuna zake. Aliyewekewa goti la bandia huhesabiwa asilimia 100 kwa muda, kisha hashuki chini ya 30. Muda huo ulikuwa mwaka mzima. Tangu Februari 2021 umefupishwa kuwa miezi minne. Wataalamu walisema tiba imeendelea na watu hupona haraka. Yamkini ni kweli, ingawa sijasikia kwamba ngazi za nyumba zimekuwa fupi.

Dosari kubwa ya kipimo hiki ni kwamba hupima umbali, hali ulemavu wa mgongo na goti aghalabu hukaa katika muda. Mtu huweza kuinama mara moja hadi nyuzi 80 mbele ya daktari, akiuma meno. Swali ni kama anaweza kuinama mara ya hamsini, saa tisa alasiri, akiwa amebeba mtoto au ndoo. Kuna siku anaamka salama, na kuna siku hawezi kuvaa soksi. Ukaguzi hufanywa siku moja, kwa dakika chache, mara nyingi na kampuni ya kibinafsi iliyokodiwa na serikali, na siku hiyo haichaguliwi na maumivu. Isitoshe, jeshi lenyewe lilimfunza askari asilie. Alifundishwa kusema yu salama hata akiwa hayu salama, na sasa ujasiri ule ule waliomsifia unageuka kuwa ushahidi dhidi yake. Mwoga anayeguna akifika nyuzi 40 atapata zaidi kuliko shujaa anayejikaza hadi 70.

Ni haki kusema kwamba mahakama za huko zimelitambua tatizo hili. Hadi mwaka 1988 askari wa zamani hakuwa na mahakama ya kumkatia rufaa dhidi ya wizara inayowashughulikia. Alilopewa ndilo alilopata. Sheria ya mwaka huo iliunda mahakama maalumu, na kuanzia hapo ujenzi ukaanza, tofali moja baada ya jingine. Mnamo 1995, katika kesi ya DeLuca, iliamuliwa kwamba haitoshi kupima nyuzi tu. Ni lazima mkaguzi aeleze udhaifu, uchovu na maumivu yanayozuia kiungo kutumika, hasa maradhi yanapochacha. Mwaka 2016, katika kesi ya Correia, ikasemwa kuwa kiungo kipimwe kikibeba uzito na kisipobeba, kikisogezwa na mwenyewe na kikisogezwa na mwingine. Mwaka 2017, katika kesi ya Sharp, wakaguzi wakakatazwa kujikinga kwa kusema hawawezi kukisia hali ya siku mbaya ati kwa sababu hawakuiona kwa macho yao. Wamuulize mgonjwa, wasome faili, kisha wakadirie.

Lakini kesi inayonigusa zaidi ni ya Saunders, iliyoamuliwa na mahakama ya rufaa ya shirikisho mwezi Aprili 2018. Mlalamishi alikuwa mwanamke aliyetumikia jeshi la nchi kavu kati ya 1987 na 1994. Aliingia magoti yakiwa mazima, akatoka yakimuuma. Mkaguzi alikiri kwamba yanamuuma, akakiri kwamba hawezi kusimama wala kutembea kama zamani, ila hakuona ugonjwa wa kuupa jina. Kwa sababu hiyo madai yakakataliwa: bila jina hakuna ulemavu. Kanuni hiyo ilikuwa imetawala tangu mwaka 1999. Mahakama ikaitengua, ikasema maumivu yanayopunguza uwezo wa kiungo kufanya kazi ni ulemavu kwa maana ya sheria, hata kama daktari hajayapatia jina. Naona huo ni uamuzi wa busara. Kukosa jina kwa ugonjwa ni upungufu wa elimu ya tabibu. Kwa nini deni lake alipwe na mgonjwa?

Niruhusu sasa nigeukie hesabu, kwa ajili ya walimu wanaonisoma. Askari ana mgongo wa asilimia 40, goti la kulia la 10 na la kushoto la 10. Ukijumlisha kama tulivyofunzwa darasa la pili utapata 60. Wizara haijumlishi hivyo. Husema kwamba mtu mzima ni 100, na kila ulemavu hukata sehemu ya kilichobaki, siyo sehemu ya kilichokuwepo mwanzo. Magoti mawili basi: 10 ya kwanza huacha 90, na asilimia 10 ya 90 ni 9, jumla 19. Kwa kuwa ni viungo vya pande mbili za mwili, huongezwa sehemu ya kumi ya hiyo 19, yaani 1.9, tukapata 20.9, ambayo ni 21. Mgongo wa 40 huacha 60. Asilimia 21 ya 60 ni 12.6. Jumla ni 52.6, yaani 53, nayo hukadiriwa hadi kumi iliyo karibu: 50. Askari huyo kwa mwaka 2025 alilipwa dola 1,102.04 kwa mwezi badala ya 1,395.93 za asilimia 60. Hesabu yenyewe ina mantiki, maana mtu hawezi kulemaa zaidi ya asilimia 100. Ila mwanafunzi mwerevu atauliza: je, mwenye mgongo mbovu hateswi zaidi na goti bovu kuliko mwenye mgongo mzima? Mtu huokoa mgongo kwa kukunja magoti, na huokoa magoti kwa kuinamisha mgongo. Vikiharibika vyote viwili, hasara huzidishana. Hesabu ya wizara hufanya kinyume: huipunguza.

Kuna milango ya pembeni inayopunguza ukali huu. Maumivu yanayoteremka mguuni kutoka kwenye neva iliyobanwa na pingili za uti hupewa kiwango chake peke yake. Mgongo ulioharibika kwa sababu goti lilimfanya mtu achechemee miaka mingi huhesabiwa kuwa mtoto wa goti, nao hulipwa. Kiungo kinachouma kikisogezwa hupaswa kupata angalau kiwango cha chini kabisa kinacholipwa. Na asiyeweza kabisa kushika kazi aweza kulipwa kama wa asilimia 100 iwapo ana ulemavu mmoja wa 60, au jumla ya 70 ambayo ndani yake mmoja ni wa 40. Lakini milango hii hufunguliwa na anayejua ilipo.

Hapa ndipo daftari linapoingia. Ili alipwe, askari huhitaji kuthibitisha mambo matatu: kwamba ana ulemavu leo, kwamba lipo jambo lililotokea jeshini, na kwamba hilo la leo limetokana na lile la zamani. La pili ndilo huwaangusha wengi. Yule aliyeteguka goti akaenda kumwona daktari wa kikosi ana karatasi. Yule aliyefunga kitambaa akaendelea na doria hana. Mali bila daftari, tunaambiwa, hupotea bila habari, na mwili nao ni mali. Sheria ya Marekani ina kifungu kizuri kinachosema kwamba ushahidi wa pande mbili ukikaribia kulingana, shaka imfae askari. Lakini mizani haiwezi kulingana iwapo upande mmoja hauna cha kuweka. Mkenya aliye katika jeshi lile, au aliye na ndugu huko, na aelewe hili: kila jeraha liandikwe siku lilipotokea, na nakala ya faili zima iombwe kabla ya kuvua sare.

Wapo wanaosema mfumo huu ni wa ukarimu kupita kiasi, kwamba wamo wanaolipwa kwa maumivu ya kughushi. Siwezi kukana kwamba wadanganyifu wapo. Wapo penye fedha zote. Lakini tiba yao isiwe kumwadhibu mkweli kwa kumdai ushahidi ambao asili ya ugonjwa wake haitoi.

Na sisi je? Katika Vita vya Kwanza, Waingereza waliwakusanya wanaume wa Afrika Mashariki kwa malaki wawe wapagazi. Jina la kikosi hicho limebaki katika mitaa yetu: Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Wale walibeba kwa vichwa na migongo chakula na risasi za jeshi zima, wakafa kwa makumi ya maelfu, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Hakuna aliyewapima nyuzi. Mwaka 2019 ilifichuliwa kutoka katika nyaraka kwamba hata bakshishi ya kuwaaga askari wa Afrika Mashariki mwishoni mwa Vita vya Pili ilipangwa kwa rangi ya ngozi. Naitaja historia hii kwa sababu jedwali lenye dosari, lililochapishwa na linaloweza kushtakiwa mahakamani, ni hatua kubwa mbele ya kutokuwa na jedwali.

Kenya huru ina sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Desemba 2019. Ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Wanajeshi hawamo katika sheria hiyo. Jedwali lake hulenga hasa viungo vilivyopotea: kidole, mkono, jicho, mguu. Ni rahisi kuhesabu vidole vilivyosalia. Lakini hamali wa Gikomba aliyebeba magunia miaka ishirini hajapoteza kiungo hata kimoja. Vyote anavyo, na hakuna kinachomtii. Mwalimu aliyesimama mbele ya ubao tangu ujana wake hadi magoti yakavimba naye yumo katika kundi hilo, na sijui kama amewahi kufikiria kwamba yale ni majeraha ya kazi.

Nirudi Marekani kwa suala moja la mwisho, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote. Mtu mwenye mgongo mbovu amemeza dawa asubuhi ya ukaguzi. Kwa nguvu ya dawa anainama hadi nyuzi 65. Bila dawa angekoma 30. Aandikiwe kipi? Mwezi Machi 2025, katika kesi ya Ingram, mahakama ya wanajeshi wa zamani iliamua kwamba kwa maradhi ya viungo, pale ambapo jedwali halitaji dawa, nafuu iletwayo na dawa isihesabiwe dhidi ya mgonjwa. Wakosoaji husema fidia ni ya hali aliyo nayo mtu maishani, na maishani anameza dawa. Hoja hiyo ina nguvu, nami sikuidharau nilipoisikia. Lakini dawa zenyewe hula tumbo na figo, na ipo siku zitaacha kufanya kazi. Tena, tukikubali hoja hiyo, tutakuwa tumemwambia askari kwamba asubuhi ya kwenda kupimwa aiache chupa yake ya vidonge mezani, apande basi akiwa amejikunja kwa maumivu, ili mwenye gonyometa amsadiki.